Hotuba ya Mwenyekiti Kuhusu Mtoto wa Kike na Mpira wa Miguu



Awali ya yote tunapenda kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tunawaombea pumziko jema. Kikundi chetu kimetimiza miaka 10. Tulianza chini ya mwembe na sanduku moja la bati lenye kufuli tatu, na wapo waliosema hatutafika hata mavuno ya pamba ya mwaka ule. Tumefika. Taarifa ya hisa, mikopo na mgao mmeshaisikia kwa mweka hazina wetu, na imechapwa katika kijitabu hiki, kwa hiyo hatutairudia.

Sisi viongozi mliotuchagua tumeonelea tuzungumzie jambo moja tu, ambalo limetugawa wanachama tangu mkutano mkuu uliopita. Jambo lenyewe ni mpira wa miguu.

Tunaona wageni wanatabasamu. Mnajiuliza, kina mama wa kuweka na kukopa na mpira wapi na wapi? Vumilieni kidogo, tutaeleza.

OMBI LILILOTUGAWA

Mwanachama mwenzetu mmoja ana binti aliyeko kidato cha pili. Hatutamtaja mama wala mtoto, maana mtoto anatakiwa alindwe. Binti huyu anacheza nafasi ya kiungo katika timu ya shule yake. Alicheza mashindano ya UMISSETA ngazi ya wilaya, akachaguliwa timu ya mkoa, na huko akaonwa na kocha mmoja kutoka Mwanza aliyetaka aletwe kwenye majaribio wakati wa likizo. Mama akaomba kikundi kimsaidie kutoka mfuko wa jamii: nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, chakula cha siku hizo, na njumu, kwa sababu binti anacheza kwa njumu za kuazima zinazompwaya.

Sasa jamani, siku ile wenyewe mlikuwepo. Maneno yalikuwa mengi. Wapo waliosema mfuko wa jamii ni wa misiba na magonjwa, siyo wa michezo. Wapo waliosema mtoto wa kike akizoea kukimbia na kaptula mbele ya watu hataolewa. Na nyumbani kwa mtoto mwenyewe, upande wa baba kulikuwa na habari nyingine: kuna watu wameshakuja kuulizia, na ng'ombe wametajwa. Tukaona tukipiga kura siku ile tutagombana. Tukakubaliana uongozi ukatafute habari za kweli za wasichana waliotangulia katika mpira, tuzilete mbele yenu, kisha wanachama waamue. Hotuba hii ndiyo majibu ya kazi mliyotupa.

KIUNGO NI NANI

Tuanze na neno lenyewe. Kiungo katika Kiswahili ni kitu kinachounganisha. Goti ni kiungo, kiwiko ni kiungo. Bizari na hiliki nazo tunaziita viungo, na pilau bila hivyo ni wali mtupu. Kiungo wa mpira ni mchezaji anayesimama katikati ya uwanja, kati ya mabeki na washambuliaji. Anapokea mpira kutoka nyuma anaupeleka mbele. Timu ikibanwa yeye ndiye anayetuliza mambo. Anakwenda mbele kusaidia kushambulia, anarudi nyuma kukaba, na kazi hiyo ni ya dakika zote 90. Bao likifungwa, anayebebwa juu juu mara nyingi ni mwingine.

Tulipoelezwa hivyo tulicheka, maana mtu wa namna hiyo tunamjua. Yuko katika kila nyumba ya Bariadi, anaamka kabla ya jogoo, na jina lake halitajwi pamba ikiuzwa.

MWANAHAMISI OMARI, KIUNGO KABLA YA LIGI

Mchezaji wa kwanza tuliyetafuta habari zake ni Mwanahamisi Omari. Wapenzi wa mpira wanamwita Gaucho, kwa kumfananisha na yule Mbrazili Ronaldinho Gaúcho aliyekuwa akiuchezea mpira kama anachezea mwanasesere. Mwanahamisi alijulikana akiwa na timu ya Mburahati Queens ya Dar es Salaam, na akawa mchezaji wa timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars.

Lakini tuelewe wakati ule ulivyokuwa. Hadi mwaka 2016 nchi yetu haikuwa na Ligi Kuu ya wanawake. Wanaume walikuwa na ligi yao tangu mwaka 1965, wanawake hawakuwa nayo. Msichana mwenye kipaji alicheza timu ya mtaani, mashindano ya mkoa yakiwepo, na mechi za kirafiki. Timu yake ikikosa mfadhili ikavunjika, basi tena.

Katika hali hiyo hiyo Twiga Stars, chini ya kocha Charles Boniface Mkwasa, ilifuzu fainali za Afrika za wanawake zilizofanyika Afrika Kusini mwaka 2010. Ilipoteza mechi zote tatu. Ilifungwa na wenyeji Afrika Kusini 2-1, ikafungwa na Mali 3-2, na Nigeria ikatufunga 3-0. Mtu akisoma harakaharaka atasema walikwenda kutia aibu. Sisi tunaojua hesabu za daftari tunasema soma vizuri. Timu ya nchi isiyo na ligi imefungwa na mwenyeji kwa tofauti ya bao moja, na na Mali kwa tofauti ya bao moja. Hao Nigeria waliotufunga matatu ndio waliochukua kombe.

Kisha ukaja mwaka 2016. Mwezi Septemba timu ya wanawake ya Tanzania Bara, iliyoitwa Kilimanjaro Queens, ilikwenda Jinja, Uganda, kwenye mashindano ya CECAFA. Tarehe 20 Septemba ilicheza fainali na Kenya. Kenya ya mwaka huo haikuwa timu ya mchezo, ilikuwa imeshafuzu kwenda fainali za Afrika nchini Cameroon. Kilimanjaro Queens ilishinda 2-1, na mabao yote mawili ya Tanzania yalifungwa na Mwanahamisi Omari. Siku hiyo kiungo hakungoja mwingine afunge.

Ligi Kuu ya wanawake ilianza mwezi Novemba mwaka huo huo wa 2016.

Ndugu zangu, tunaomba mzitazame tarehe hizo mbili. Kombe lilikuja Septemba, ligi ikaja Novemba. Wasichana walileta kombe nyumbani kabla nchi haijawapa ligi ya kuchezea. Wao ndio walioanza kutoa, na kupewa kukafuata.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Bingwa wa kwanza wa ligi alikuwa Mlandizi Queens ya mkoa wa Pwani. Wakafuata JKT Queens, kisha Simba Queens wakachukua mara tatu mfululizo, mwaka 2020, 2021 na 2022. Mwanahamisi alichezea Simba Queens na akawa nahodha. Kombe la CECAFA nalo Kilimanjaro Queens walilitetea mjini Kigali mwaka 2018. Mwaka 2019 walicheza fainali nyumbani Dar es Salaam, Kenya wakawafunga 2-0. Mpira ndivyo ulivyo, leo unacheka kesho unanuna. Hata sisi kuna mwaka mgao ulikuwa mnono, na mwaka uliofuata mvua zikakataa.

NANI ALILIPA NAULI

Tulipofika hapo tukajiuliza swali la kina mama. Ile miaka kabla ya ligi, kabla ya mshahara, nani alilipa nauli ya kwenda mazoezini? Nani alinunua njumu? Nani alifua jezi, na nani alisema acha vyombo leo nitaosha mimi, wewe wahi mazoezi?

Hapo ndipo penye kiini cha hotuba yetu. Magazeti na redio humkuta mchezaji akiwa ameshafika. Klabu humpa mshahara akiwa ameshaiva. Lakini miaka ya mwanzo, kuanzia miaka 10 mpaka 17 au 18, hailipwi na klabu wala na tajiri. Inalipwa nyumbani, kwa fedha ndogondogo za mara kwa mara: nauli leo, taulo za kike kesho, njumu mwisho wa msimu, dawa ya kuchua siku akiteguka. Siyo fedha nyingi, ila zikikosekana siku inayotakiwa, mtoto anabaki nyumbani, na nafasi anachukua mwingine.

Sasa tuambiane, ni nani hapa Bariadi anayejua kazi ya fedha ndogondogo za mara kwa mara kuliko sisi? Si ndiyo kazi tuliyoifanya miaka 10? Haba na haba hujaza kibaba, tumeimba mpaka tumezeeka nayo. Benki haitamkopesha mtoto wa kidato cha pili njumu. Sisi tunaweza.

WENGINE WALIOTANGULIA

Tusije tukaambiwa tumechukua mtu mmoja tu tukajenga nyumba juu yake. Wapo wengine.

Yupo Amina Bilali, naye ni kiungo. Mwaka 2021 Tanzania ilialikwa kwenye mashindano ya COSAFA ya wanawake, ambayo ni ya nchi za kusini mwa Afrika, yaliyofanyika Afrika Kusini. Mgeni akageuka mwenye nyumba. Twiga Stars ilishinda fainali kwa kuifunga Malawi 1-0 kwa bao la Enekia Kasonga. Amina Bilali alikuwa nahodha, na alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano yote.

Yupo Aisha Masaka, mzaliwa wa Singida. Yeye ni mshambuliaji, siyo kiungo, lakini njia yake inatuhusu kwa sababu ilipita hapa jirani. Alilelewa kimpira Mwanza katika timu ya Alliance Girls, akahamia Yanga Princess ya Dar es Salaam, na mwanzoni mwa mwaka 2022 akasajiliwa na BK Häcken ya Sweden. Mwaka 2024 alisajiliwa na Brighton ya Uingereza. Singida nako ni kwa wakulima na wafugaji kama sisi. Na Mwanza wote tunaifahamu, unapanda basi hapa, unashuka Lamadi, unapita Magu, unafika. Tunakwenda huko kununua vitenge na kutibiwa. Mtoto akienda kucheza mpira imekuwa mbali?

Yupo Julitha Singano, beki, aliyekwenda FC Juárez ya Mexico mwaka 2022. Yupo Clara Luvanga, aliyetoka Yanga Princess mwaka 2023 akaenda Hispania, na mwaka huo huo akasajiliwa na Al Nassr ya Saudi Arabia.

Na wapo Serengeti Girls, timu ya wasichana wa chini ya miaka 17, ambao wengi wao walikuwa rika la huyu binti yetu. Oktoba 2022 walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la umri wao, wakiwa na kocha Bakari Shime. Katika mpira wa wachezaji 11, hakuna timu ya Tanzania iliyokuwa imewahi kufika Kombe la Dunia la FIFA, ya wakubwa wala ya wadogo, ya wanaume wala ya wanawake. Waliotangulia kufika ni watoto wa kike. Mechi ya kwanza Japan wakawafunga 4-0. Mtu mwingine angefunga virago. Wao walirudi uwanjani wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali, ndipo Colombia wakawatoa kwa 3-0.

Twiga Stars wenyewe walirudi fainali za Afrika nchini Morocco mwezi Julai 2025, baada ya miaka 15. Walitoka sare 1-1 na Afrika Kusini, wale wale waliotufunga mwaka 2010.

Hapa kwetu mkoa wa Simiyu bado ni mchanga, umeanzishwa mwaka 2012. Lakini majirani zetu wa Bunda, ambao ukifika Lamadi ni kama umewagusa, wamekuwa na timu ya Bunda Queens iliyocheza Ligi Kuu. Bunda wanalima pamba kama sisi na jua linalowapiga ni hili hili.

MAMBO YA KUOGOPA

Hatukutumwa kuleta sifa tu. Tumekuja na mambo ya kuogopa pia.

La kwanza, wanaofika ni wachache. Katika wasichana 100 wanaopiga mpira kwenye viwanja vya shule, wa kupata mkataba wa kuishi nao hata wawili ni bahati. Kwa hiyo shule haiachwi. Mtoto akikosa namba kwenye timu awe na cheti mkononi.

La pili, magoti. Wataalamu wanasema wasichana huumia mishipa ya goti zaidi kuliko wavulana wanapocheza mpira. Lipo la kufanya: mazoezi ya kupasha mwili kabla ya kucheza, ya kuimarisha mapaja na kujifunza kutua vizuri baada ya kuruka. Hayana gharama, yanataka kocha anayejua. Tena mtoto ale. Nguvu ya kukimbia inatoka kwenye ugali, viazi, michembe na matobolwa, na damu inataka dagaa, maharage na mboga za majani. Msichana aliyeanza kupata siku zake akilala na njaa, damu itampungua na uwanjani ataona kizunguzungu.

La tatu, matapeli. Atakuja mtu mwenye suti aseme nipe binti nimpeleke Uarabuni au Ulaya akacheze mpira, lete fedha ya pasi na viza. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kwa mfano wazazi wake kuhamia huko kwa shughuli zao zisizo za mpira. Aisha Masaka alipokwenda Sweden alikuwa ameshatimiza miaka 18. Kwa hiyo mtu akitaka mtoto wako wa miaka 15 ampeleke ng'ambo kucheza, mwambie akuandikie jina lake vizuri, kisha peleka hilo jina polisi.

La nne, heshima ya mtoto. Kambini na safarini lazima awepo mama au mlezi wa kike. Kocha mwema hatakasirika ukiuliza mtoto analala wapi na nani ana ufunguo. Akikasirika, umepata jibu.

KUHUSU KUOLEWA

Tumefika kwenye neno zito. Wazee wetu mtuvumilie, tunasema kwa heshima.

Inasemwa mtoto wa kike kukimbia mbele ya umati ni aibu. Lakini sisi Wasukuma tangu lini tumeogopa umati? Baada ya mavuno, si ndiyo Bagika na Bagalu wanashindana kwa ngoma, watu wakijaa mpaka vumbi linafunika jua? Wigashe si bibi zetu waliiimba mbele ya watu, na aliyeimba vizuri akasifiwa vijiji vingi? Hakuna aliyesema hawataolewa. Waliolewa, ndiyo maana sisi tupo.

Inasemwa mpira unaharibu uzazi. Huo si ukweli. Wapo wachezaji wakubwa duniani waliozaa na kurudi uwanjani. Tangu Januari 2021 FIFA ina kanuni kwamba mchezaji mwanamke mwenye mkataba ana haki ya likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 huku akilipwa angalau theluthi mbili ya mshahara, wala klabu hairuhusiwi kumfukuza kwa sababu ya mimba. Kiungo mmoja wa Iceland, Sara Björk Gunnarsdóttir, alipunjwa mshahara wakati wa ujauzito akiwa na klabu ya Lyon ya Ufaransa. Alipeleka shauri FIFA akashinda, klabu ikaamriwa kumlipa zaidi ya euro 82,000. Mama huyo alidai haki yake kwa maandishi. Na sisi tunajua faida ya maandishi, ndiyo maana kila mwanachama ana kitabu chake.

Kuhusu ng'ombe. Mahari ni mila yetu na hatuitukani, wengi wetu tulitolewa ng'ombe na tunajivunia. Tunachouliza ni wakati. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi alipeleka shauri Mahakama Kuu, na mwaka 2016 ikaamuliwa kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo. Tena Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inasema anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumpa mimba, adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Kwa hiyo hao waliokuja kuulizia binti wa kidato cha pili, wasidhani wanakuja kununua heshima. Wanatafuta jela, na mzazi atakayepokea atafuatana nao.

Ng'ombe wapo na wataendelea kuwepo. Miaka 15 ya mtoto haitarudi tena.

MAPENDEKEZO YA UONGOZI

Baada ya kuyapima yote hayo, sisi viongozi wenu tunapendekeza yafuatayo:

Kwanza, ombi la mwenzetu likubaliwe. Nauli, chakula na njumu zitoke mfuko wa jamii. Hisa za mtu yeyote zisiguswe, na fungu la misiba na magonjwa libaki kamili kama katiba yetu inavyosema. Mweka hazina ameshathibitisha kwamba fedha hiyo ipo.

Pili, safari iwe wakati wa likizo tu, na mama aende naye. Mama akishindwa, kikundi kiteue mwanachama mmoja wa kumsindikiza.

Tatu, karatasi yoyote atakayopewa, iwe ya shule au ya klabu, isitiwe sahihi huko huko. Iletwe hapa isomwe kwa sauti, na ipelekwe kwa afisa michezo wa halmashauri na kwa chama cha mpira cha mkoa ili tuelezwe maana yake.

Nne, mlango huu usifunguliwe kwa mpira peke yake. Mtoto wa mwanachama anayetaka kwenda kwenye usaili wa chuo cha uuguzi, au kujifunza ushonaji, au ufundi wa magari, aombe kwa utaratibu huu huu na apimwe kwa kipimo hiki hiki. Tukimsaidia mmoja kwa upendeleo tutakuwa tumeivunja kufuli sisi wenyewe.

Tano, majaribio yakikataa, mtoto arudi nyumbani apokelewe vizuri. Asichekwe kisimani. Hatutamdai nauli. Fedha ile ni kama mbegu, siyo mkopo, na kila mkulima anajua kwamba siyo kila mbegu inaota.

Tunajua wapo watakaosema, kwa nini huyu asiuze mbuzi mmoja amalize shida yake? Tunajibu kwamba mbuzi mwenzetu alishauza, akalipia michango ya shule ya wadogo zake. Kikundi ni cha siku mbuzi wamekwisha.

Ndugu Mgeni Rasmi, wanachama wenzetu. Mwanahamisi Omari na wenzake walicheza miaka mingi kabla ya ligi kuwepo. Hakuna aliyewaahidi chochote. Kila mmoja wao aliendelea kwa sababu kulikuwa na mtu aliyempitishia mpira, mama, dada, shangazi au jirani. Sisi hatutafunga bao lolote Mwanza. Hatutaonekana kwenye televisheni. Kazi yetu ni ya katikati ya uwanja, kuupokea mpira kutoka kwa mama mmoja aliyelemewa na kuupeleka mbele kwa mtoto wake.

Kura itapigwa kwa utaratibu wetu wa kawaida baada ya chakula. Kila mwanachama atapewa punje moja ya mhindi na punje moja ya choroko. Mhindi ni ndiyo, choroko ni hapana. Utatumbukiza moja kwenye chungu bila kuonekana na mtu. Watakaosema hapana hawatachukiwa, ni haki yao. Tunaomba jambo moja tu: kila mtu apige kura akiwa amemfikiria binti yake mwenyewe, au mjukuu wake, au yeye mwenyewe alivyokuwa na miaka 15.

Tunawashukuru walimu wanaokaa na watoto viwanjani mpaka jioni bila posho. Tunawashukuru wafanyabiashara wa mjini waliotuchangia vyombo na maturubai ya sherehe hii. Tunawashukuru waume zetu mlioacha shughuli mkaja kutuunga mkono. Tunawashukuru waanzilishi wa kikundi, walio hai na waliotutoka.

Mungu kibariki kikundi chetu. Mungu ibariki Simiyu. Mungu ibariki Tanzania.